MREJESHO: Pedi kupiga mara mbili na sneya kuchelewa

Wakuu, asanteni. Niliuliza kuhusu mashine ya kutengenezea midundo ya pedi 16 (vitufe vya mpira vya kupiga kwa vidole), ya betri, isiyohitaji kompyuta: kiki (mlio wa ngoma kubwa) inalia mara mbili kwa pigo moja, sneya (mlio wa ngoma ndogo kali) inachelewa. Kumbe ni matatizo mawili tofauti.

Sneya: sampuli (kipande cha sauti kilichorekodiwa) ilikuwa na ukimya wa kama milisekunde 30 mwanzoni. Vuta picha ya wimbi la sauti ikuzwe, sogeza alama ya kuanzia hadi wimbi linapoinuka, uishie hapo hapo. Ukikata ndani zaidi, ule mlio wa "tak" unapotea na sneya inakuwa butu. Na hedifoni za bluetooth weka pembeni. Nazo huchelewesha, tumia za waya.

Kiki: kizingiti cha pedi (nguvu ndogo kabisa inayohesabiwa kuwa pigo) kilikuwa chini mno, kidole kikidunda mashine inahesabu pigo la pili. Pandisha hatua moja moja. Kila hatua piga pedi ya jirani kwa nguvu uone kama kiki inalia bila kuguswa, kisha jaribu mapigo mepesi kabisa ya sneya. Yakianza kupotea umepitiliza, rudi hatua moja. Meza inayotikisika nayo huchangia, kwa hiyo tandika mpira chini ya mashine.

Aliyesema nibadilishe mpira wa pedi, haikuhitajika.

Nyongeza kwa wenye hai-hati (mlio wa matoazi mawili) inayovuma juu ya nyingine: ya wazi na ya kufunga ziwekwe kundi moja la kunyamazishana, yaani moja ikilia inaikata nyingine.