Yule mkufunzi wa ramani za udongo kanidhalilisha mbele ya darasa zima

Wakuu nimetoka darasani sasa hivi mikono bado inatetemeka. Jina sitaji, mnamjua wote, yule wa "hili ni dogo sana jamani". Nimefungua SoilGrids, ile ramani ya udongo ya dunia nzima mtandaoni, kama alivyoelekeza, nikazumu mpaka shambani kwangu, nikashusha leya (tabaka la ramani) ya pH, kipimo cha uchachu wa udongo, ya kina cha sentimita 0 mpaka 5, nikaiweka kwenye QGIS, programu ya ramani, nabonyeza pikseli (kimraba kimoja cha ramani) inatoka 62. Nikanyoosha mkono niulize. Jamaa kaja mpaka mezani, kashika laptop yangu kaigeuzia darasa, anasema "pH inaishia 14, huyu kapata 62, udongo wako umeutoa sayari gani?" Watu wamecheka mpaka projekta imetikisika.

Sayari gani! Mtu niliyeuliza kwa adabu!

Nimefika nje nikasoma maelezo ya leya, kumbe namba zimezidishwa kwa 10 ili zihifadhiwe kama namba kamili, unagawanya unapata 6.2, udongo safi kabisa. Hata leya ya mfinyanzi ni gramu kwa kilo, ukiona 340 ni asilimia 34. Mkufunzi mzima hajui hilo halafu anageuza laptop ya mtu. Laptop YANGU!! Eti sayari gani.

Mlima_Ramani: Pole mkuu. Huyo huyo aliniambia nimelima baharini, kisa nilitanguliza longitudo kabla ya latitudo, na ubaoni yeye ndiye aliyeandika hivyo hivyo longitudo mbele.

Tifutifu: Mtoa mada unalilia laptop kuliko udongo. Ungesoma maelezo kabla ya kunyoosha mkono tusingekuwa hapa.

Mtoa mada: Kutusomesha hayo maelezo ndiyo kazi anayolipwa! Na hujajibu, kugeuza laptop ya mtu ni sawa?

Kichuguu: Hiyo 6.2 nayo usiishangilie. Pikseli ni mita 250 kwa 250, zaidi ya hekta 6, wewe na jirani na barabara mmepewa namba moja. Halafu ni makadirio ya kompyuta kutokana na sampuli za sehemu nyingine, kwako pengine hajachimba mtu. Peleka udongo maabara.

Mama_Samadi: Maabara msinitajie kabisa!! Nimepeleka mfuko wangu nimeandika jina kubwa, majibu yamekuja ya mtu mwingine na wananibishia.

Mlima_Ramani: Afadhali wewe umepata majibu, mimi kila nikipiga naambiwa mashine mbovu.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada, kaishika akaigeuza, darasa ZIMA

Tifutifu: @Mama_Samadi kwani udongo wanapokea mbichi au mpaka ukauke?

Mama_Samadi: Anika kivulini, usiweke juani wala jikoni. Na mfuko uandike ndani na nje, wale watu hawaaminiki.