Naomba ushauri: bunduki ya risasi moja yenye jina la fundi wa zamani, nitathibitishaje kuwa ni kazi ya mkono wake?

Mwanakilosa (mleta uzi)
Wakuu wa jukwaa hili, salaam. Ninaishi Ohio, Marekani, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia bunduki za zamani za kupakia risasi moja moja, hasa zile ambazo fundi alimtengenezea mteja mmoja kwa oda yake. Nimekutana na moja ambayo imeninyima usingizi. Kiunzi chake ni cha Winchester modeli ya 1885, ule mtindo ambao wakusanyaji huuita ukuta mrefu, lakini mtutu si wa Winchester. Ni mzito, una pembe nane, na juu yake, karibu na kiunzi, pamegongwa jina H. M. Pope pamoja na namba. Ina vichochezi viwili, na bamba la kitako lina pembe ndefu mbili za kukumbatia bega, kama zilivyokuwa bunduki za vyama vya shabaha vya Wajerumani wa Marekani.

Ninachoomba kujua ni kimoja: nitathibitishaje kwamba mtutu huu umetoka mikononi mwa Harry Pope mwenyewe, yule fundi wa mitutu? Je, nikiliandikia jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, nitapata jibu la kutosha? Ninahitaji uhakika kabla ya mwisho wa mwezi. Natanguliza shukrani.

Fundi Chuma
Karibu, ndugu. Barua ya Cody itakufikisha nusu ya safari. Jumba lile linatunza vitabu vya kiwanda cha Winchester, na kwa namba nyingi za modeli ya 1885, ingawa si zote, wanaweza kukueleza bunduki ilitoka kiwandani lini, ikiwa na mtutu wa umbo gani na wa risasi ya kipimo kipi. Pope hutamkuta humo, kwa sababu kazi yake haikupitia Winchester. Mwenye bunduki aliipeleka kwake ikiwa tayari imekwisha kununuliwa. Kwa hiyo, vitabu vikisema ilitoka na mtutu wa mviringo na wewe unaona wa pembe nane, utakuwa umethibitisha kwamba mtutu ulibadilishwa, lakini aliyeubadilisha bado hutamjua.

Tazama ndani. Mitutu ya Pope inajulikana kwa mifereji minane inayozunguka kwenda kushoto, na msokoto wake huongezeka kasi kadiri unavyokaribia mdomo. Chukua ufito wenye mpini unaozunguka wenyewe, ufunge kitambaa kinachobana, uupitishe polepole huku ukiweka alama kwenye mpini kila baada ya umbali ulio sawa. Alama zikizidi kuachana kuelekea mdomoni, una jambo la kuzungumza.

Kisha soma jina kwa makini. Mwaka 1901 Pope alihamia kampuni ya Stevens huko Chicopee Falls, Massachusetts, na jina la Stevens-Pope liliendelea kugongwa kwenye mitutu hata baada ya yeye kuondoka. Si mitutu mibaya, ila mkono si wake. Mwisho, je, kuna mdomo wa bandia, yaani kile kipande cha mtutu cha kuingizia risasi kwa mbele, na kalibu ya kusubu risasi? Mtutu wa Pope uliotengana na vifaa vyake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi, na sehemu kubwa ya thamani pia.

Kapera wa Houston
Ndugu yetu amevuka bahari, amepita kwenye maduka yenye kila aina ya silaha, na moyo wake umetua kwenye gobore. Huko kwetu serikali inatangaza kila mara watu wasalimishe magobore, kumbe tungeyasafirisha Ohio tukajenga nyumba!

Mwanakilosa
Kapera, kicheko chako nakipokea, lakini hili si gobore, ingawa kuna jambo litakalokufurahisha. Pope alitaka ganda lenye baruti liingizwe kwa nyuma, huku risasi yenyewe ikisukumwa kutokea mbele, kupitia kipande cha mtutu kiitwacho mdomo wa bandia, ili kitako cha risasi kisikwaruzwe na kuharibu shabaha ya yadi 200.

Fundi Chuma, asante sana. Jina ni H. M. Pope tu, hakuna Stevens. Mdomo wa bandia upo, una vijiti vinne vinavyoingia kwenye matundu ya mtutu, na juu yake kuna kibanzi kinachoziba macho ya shabaha ili mtu asisahau kuutoa kabla ya kufyatua. Kalibu ipo pia. Vyote vimo ndani ya sanduku la mbao. Mifereji nimeihesabu, ni minane.

Babu Mkongojo
Wanangu, mnahangaika na bunduki za kutoboa karatasi. Bunduki ya risasi moja iliyoacha jina katika nchi yetu ya Tanzania ni ya Farquharson, Mskoti aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1872, ikatengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Gibbs alizitengeneza chache, hazikufika 1,000, na miongoni mwa waliozitumia ni mwindaji Mwingereza Frederick Selous, ambaye aliuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kaburi lake liko kule kule porini. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Kisaki, na alikuwa akitusimulia kwamba wazungu wa zamani waliopenda bunduki ya risasi moja walilazimika kujifunza kusubiri, kwa kuwa ukimkosa nyati hupati nafasi ya pili kwa urahisi. Vijana wa sasa hamsubiri chochote. Mimi ningekuwa na fedha ningetafuta Gibbs, na ningejihadhari na zile zilizonakiliwa baada ya hataza kwisha muda wake, maana Ubelgiji walizinakili na hatimaye zikauzwa kwa majina ya maduka ya Uingereza.

Bi Mkunazini
Babu, simulizi ni tamu, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi moja ya mleta uzi. Kwa nini iwe kabla ya mwisho wa mwezi? Na bunduki hii ni ya nani kwa sasa? Ameeleza pembe za kitako kwa ukamilifu, mwenye mali hakumtaja hata mara moja.

Mwanakilosa
Dada yangu, ni ya mzee mmoja ninayefahamiana naye. Sidhani kama hilo linahusiana na mifereji ya mtutu.

Bi Mkunazini
Linahusiana, kwa sababu ulichoomba ni ushauri, na ushauri hautolewi kwa bunduki. Unafahamianaje na huyo mzee?

Mwanakilosa
Basi nieleze, msije mkadhani ninaficha. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mzee huyo nilimhudumia hadi alipofariki, na katika mazungumzo yetu ndipo nilipojifunza mambo haya yote, kwa sababu alipenda sana bunduki hizi na hakuna mtoto wake aliyetaka kumsikiliza. Mjane wake anahama nyumba mwisho wa mwezi. Aliniambia nichukue "ile bunduki kuukuu" kwa dola 400, na nimekwisha kumpa 150. Sikumlazimisha wala sikutaja bei, aliitaja yeye. Mzee mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba angependa ibaki kwa mtu anayeielewa. Nauliza kuhusu Pope kwa sababu nataka kujua ninachokitunza, na nadhani mtu aliyemwosha na kumlisha mzee yule ana haki ya kutunza kumbukumbu yake.

Fundi Chuma
Ndugu, hukuniambia hivi mwanzoni. Kama mtutu, mdomo wa bandia na kalibu ni vya Pope kweli na vinalingana, tunazungumzia maelfu ya dola. Mama huyo anadhani anakuuzia kuni za chuma.

Mhudumu Mwenzio
Mimi nafanya kazi hiyo hiyo huku Minnesota. Kampuni nyingi za uangalizi zinakataza mhudumu kununua kitu au kupokea zawadi kutoka kwa familia anayoihudumia, na majimbo yana sheria kali dhidi ya kuwanyonya wazee kifedha. Mwenzangu alipewa saa ya ukutani na bibi mmoja, tena kwa furaha na mapenzi, na binti wa yule bibi alipofika kutoka California kazi ya mwenzangu ikaishia hapo. Saa yenyewe ilikuwa haitembei.

Kapera wa Houston
Mnamwonea. Bei kataja mwenye mali. Mtu akiuza shamba lake kwa bei ya muhogo, mnunuzi halazimiki kumfahamisha kwamba chini kuna dhahabu.

Mkaguzi
Naomba swali jingine ambalo hamjaliuliza: una karatasi gani za ukaazi? Kwa sheria ya shirikisho, mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha ya moto, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Ipo pia tofauti ya bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ambazo kwa sheria hiyo huhesabiwa kuwa za kale. Lakini kwa kawaida unaotazamwa ni mwaka wa kiunzi chenye namba, hata kama mtutu ulikuja baadaye, na majimbo yanaweza kuwa na masharti yake.

Mwanakilosa
Nina ukaazi wa kudumu, hilo lisikusumbue. Na kuhusu kampuni, mkataba wangu na familia ile ulikwisha siku mzee alipozikwa, kwa hiyo sinunui kwa mteja, ninanunua kwa mama ambaye tunaheshimiana. Historia ya bunduki naifahamu vizuri: babu yake mzee alikuwa San Francisco, na mwaka 1908 alikwenda dukani kwa Pope mjini humo akaagiza mtutu huu. Mzee alinisimulia zaidi ya mara moja.

Mkaguzi
Hapo ndipo nilipokuwa nikikusubiri. Pope alifungua karakana San Francisco mwaka 1906, na tetemeko la tarehe 18 Aprili mwaka huo huo pamoja na moto wake vikaifuta. Hakubaki. Mwaka 1908 alikuwa amekwisha kurudi mashariki, akaweka makazi Jersey City, New Jersey, alikofanyia kazi karibu maisha yake yote yaliyobaki. Sasa tunaye mhudumu anayejua vijiti vya mdomo wa bandia, tuna mzee aliyefariki bila picha, mjane mkarimu, sanduku ambalo kwa bahati halikupungukiwa na kitu, na babu aliyenunua mtutu kwenye duka lililoungua. Wakuu, mimi naona hadithi hii imetungwa ili bunduki ya kughushi ipewe ukoo, na kesho tutaona tangazo la kuiuza humu humu.

Babu Mkongojo
Nilijua. Mtu anayesema kweli hutaja kaburi la mzee liko wapi.

Bi Mkunazini
Babu, kaburi la nini tena? Ila Mkaguzi ana hoja, na mleta uzi aijibu.

Mwanakilosa
Sina cha kuuza humu, na picha za nyumba ya mjane sitaziweka mtandaoni ili kumridhisha mtu. Nimewaambia kile mzee alichonisimulia, naye alisimuliwa na babu yake. Kama mwaka si sahihi, mwaka huo si wangu. Nilichokiona kwa macho yangu ni jina, namba, mifereji minane na alama za ufito ambazo jana usiku zilizidi kuachana kuelekea mdomoni, tena upande wa kushoto.

Fundi Chuma
Mkaguzi, kosa la mwaka halinishangazi na wala halinifanyi nidhani ni uongo. Familia hukumbuka jina la mji na jina la fundi, kisha huviunganisha. Mwongo aliyejiandaa angesema Jersey City, ambako ndiko rahisi kuaminika. Yawezekana babu alikaa San Francisco na mtutu akauagiza kwa posta baadaye, au akaununua kwa mtu. Ndiyo sababu masimulizi ya familia huandikwa pembeni, na chuma huulizwa peke yake. Kwa chuma, jina huweza kughushiwa kwa siku moja, mifereji inayoongezeka msokoto ni kazi ya mashine ambayo wachache wanayo. Mleta uzi, subu risasi kwa kalibu ile, ulinganishe kipenyo chake na mtutu, kisha utazame kama matundu ya vijiti yamechongwa pamoja na mdomo ule na hayakulazimishwa. Usisugue kutu, usipake rangi, usitenganishe sanduku. Halafu tafuta wanachama wa American Single Shot Rifle Association, chama kilichopo tangu mwaka 1948. Wapo wanaolinganisha herufi na namba za Pope. Lakini mtaalamu huyo akutane na bunduki ikiwa bado ndani ya nyumba ya mama, na mama akiwa amekaa hapo hapo.

Mwanakilosa
Ushauri wa risasi nimeupokea. Hilo la mama kukaa hapo nitalitafakari, ingawa sioni sababu ya kumchanganya katika wiki ya kuhama. Makubaliano yetu yalikuwa wazi na malipo ya kwanza yamekwisha kupokelewa.

Bi Mkunazini
Yamepokelewa kwa risiti?

Mwanakilosa
Hatukuandikiana.