Ushauri: Kaunta buku zangu nane za mambo ya Dodoma, nimeanza kuzisafisha na naona kama naziharibu

FundiFeni_Majengo
Wakuu heshima kwenu, na wenyeji wenzangu mbukwenyi.

Mimi ni fundi wa feni na redio, kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo. Tangu Januari 2017, miezi michache baada ya serikali kutangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, nimekuwa naandika kila jioni kabla ya kufunga. Si mambo makubwa. Nyanya bei gani leo, maji yametoka au bado, mvua ya kwanza imenyesha lini, wabunge wakija mwezi wa nne gesti zimepandisha kwa kiasi gani. Chini yake naweka maoni yangu, na hapo ndipo kalamu hunoga. Siku nyingine habari mistari miwili, maoni kurasa mbili.

Sasa mwaka huu nimeingiwa na ugonjwa. Nimenunua kaunta buku mpya za kwaya nne na nimeanza kunakili yote upya kwa mwandiko mzuri. Nimepiga mistari kwa rula: tarehe, hali ya hewa, bei, habari, maoni. Wiki mbili baadaye safu hazikunipendeza, nikaanza tena. Kisha nikaona maoni yakae kwenye daftari lake. Kisha binti yangu akasema tuweke kwenye kompyuta. Nimepiga mistari mwezi mzima, na habari za leo sijaandika siku kumi na moja!

Mama watoto kasoma kidogo akacheka: "Hii si kumbukumbu, ni malalamiko yenye tarehe."

Naomba ushauri. Nitenganishe maoni na habari? Nibaki na karatasi au nihamie kwenye simu?

Nyuki_wa_Itigi
Siku kumi na moja unapiga rula? Mkuu, wewe sasa ni fundi mistari.

KaraniMstaafu
Mleta mada, nimekaa masijala miaka mingi, nisikilize. Safu si shida yako. Shida ni kipimo. Umeandika "nyanya bei gani", je, ni kwa fungu, kwa sado au kwa tenga? Vijana wa leo wanajua sado ni ile ndoo ya rangi ya lita 4, lakini mjukuu wako atakayesoma "nyanya 5,000" hatajua ulinunua nini. Na fungu la Majengo la mwezi wa tano si fungu la mwezi wa kumi na mbili. Bei haikubadilika, nyanya zimetoka sita zikawa nne. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Bei ya mafuta usijichoshe nayo. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wameshakuandikia. Wewe andika foleni ya bodaboda Jumanne usiku. Hiyo hakuna ofisi inayoiweka.

Karatasi ni salama, ila Dodoma tuna mchwa. Sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta.

Kijana_wa_UDOM
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, karatasi imepitwa. Piga picha kila ukurasa kwa simu, weka kwenye barua pepe yako, basi. Ukitaka kujua vitunguu vilipanda lini, kwenye jedwali la kompyuta ni sekunde mbili. Daftari nane utapekua mpaka lini?

FundiFeni_Majengo
Marahaba mwanangu. Simu yangu ya kwanza ya kisasa iliibwa stendi ya Nanenane mwaka 2021. Daftari lilikuwa kwenye mfuko uleule, mwizi akaliacha.

Kijana_wa_UDOM
😂 Nimekubali. Lakini picha piga hata hivyo.

MamaLishe_Chang'ombe
Kaka pole na kazi. Mimi daftari langu ni la madeni tu, kwa hiyo sina usomi wa hayo mambo. Ila nina swali moja. Unaponakili, unabadilisha maneno?

FundiFeni_Majengo
Dada, umenishika pabaya. Ndiyo, narekebisha. Maana nimeandika upuuzi mwingi. Machi 2018, jiwe la msingi la reli ya kisasa (SGR), kipande cha Morogoro hadi Makutupora kinachopita hapa Dodoma, lilipowekwa, niliandika ukurasa mzima kwamba treni hiyo watapanda wajukuu zangu, sisi tutazikwa na basi la alfajiri. Treni ya abiria ikafika hapa Julai 25, 2024. Nilipofika ukurasa ule kwenye kunakili nikaona aibu. Kwenye nakala mpya nimeandika tu "Leo jiwe la msingi la reli limewekwa." Na lile la zamani nimelipaka tipeksi.

MamaLishe_Chang'ombe
Kaka!

KaraniMstaafu
Umepaka tipeksi kumbukumbu? Masijala ungeandikiwa barua. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, chini yake liendelee kusomeka, unaweka tarehe na sahihi.

Na hilo halikuwa kosa. Mwaka 2018 nusu ya mji huu tulisema hivyohivyo. Tulikuwa tumeambiwa tangu 1973 kwamba Dodoma ni makao makuu, tukakaa miaka arobaini na ushee tunawatazama mawaziri wakija kwenye Bunge na kurudi Dar. Kutoamini lilikuwa jambo la mtu mwenye akili. Tarehe ya jiwe la msingi ipo kwenye magazeti yote. Kwamba fundi wa Majengo hakuamini, ilikuwa kwako tu, na umeipaka rangi.

Mzabibu_Hombolo
Nakazia. Mimi nina shamba la zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila nikipogoa naandika ukutani nategemea kreti ngapi. Sijawahi kupatia. Lakini nikitazama ule ukuta najua mwaka gani nilikuwa na matumaini na mwaka gani nilikuwa nimechoka. Usitenganishe maoni, mkuu. Ukiyatoa hapo unabaki na orodha ya nyanya.

Nyuki_wa_Itigi
Orodha ya nyanya isiyo na kipimo.

FundiFeni_Majengo
Nimewasikia wakuu. Zile za kunakili nimezifunga, mwanangu wa darasa la sita atazitumia kwa hesabu, mistari tayari anayo. Ule ukurasa nimeugeuza nyuma nikauweka mbele ya taa. Kalamu ya bluu niliikandamiza siku ile, nilikuwa na hasira, kwa hiyo inasomeka kinyumenyume karibu yote isipokuwa mistari mitatu ya mwisho.

MamaLishe_Chang'ombe
Na hiyo treni umeshaipanda?

FundiFeni_Majengo
Septemba ileile dada, daraja la kawaida, 31,000. Nilikaa dirishani mpaka Dar. Mama watoto alikaa upande wa pili, kila tukipita kituo ananiuliza wajukuu wako wapi.

Karani, swali: dagaa wa kopo la maziwa nao niandike ni kopo la ukubwa gani?

KaraniMstaafu
Andika. Na uandike kama muuzaji alijaza kwa mlima au alipitisha mkono juu.