Fizi kutoka damu na ugonjwa wa kusahau: je, ningeweza kumwokoa mama?

Kitindamimba:
Habari zenu. Mama yangu ana miaka 71. Tangu mwaka jana anauliza jambo moja mara nne ndani ya saa moja, na daktari amesema ni Alzheimer. Jana nimesoma kwamba bakteria wa ugonjwa wa fizi, Porphyromonas gingivalis, wamekutwa kwenye ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huo. Sikulala. Fizi za mama zinatoka damu tangu niko shule ya msingi. Nakumbuka mate mekundu kwenye sinki asubuhi. Nilipokua ningeweza kumpeleka kwa daktari wa meno, sikumpeleka. Tulizoea. Alipong'olewa magego mawili tukasema ni umri. Je, angetibiwa fizi mapema asingefika hapa? Nami siku hizi nikipiga mswaki naona damu. Nipeni ukweli, hata kama ni mchungu.

Mkuza Vijidudu:
Ndugu yangu, pole sana kwa kuuguza. Bakteria huyo namjua, nimemkuza maabara miaka mingi. Hewa haitaki kabisa, kwa hiyo tunamfungia kwenye kasha lisilo na oksijeni, juu ya sahani yenye damu. Siku za kwanza madoa yake ni meupe kama maziwa. Baadaye yanaanza kuiva kutoka ukingoni kuelekea katikati, hudhurungi, hadi yanakuwa meusi tii. Weusi ule unatokana na chuma cha damu anachojilimbikizia. Fungua kasha na utakutana na harufu ileile ya kinywa chenye fizi mbovu. Ndiyo maana anastawi kwenye mfuko kati ya jino na ufizi: hewa haifiki, na damu inavuja.

Utafiti uliousoma ulitoka Januari 2019 katika jarida la Science Advances. Walikuta hasa vimeng'enya vyake, jinjipeini, vinavyokatakata protini. Panya walioambukizwa kwa mdomo, bakteria walifika hadi ubongoni. Ni kazi nzito na naiheshimu. Lakini vimeng'enya hivyo vilionekana pia kwa baadhi ya watu waliokufa bila Alzheimer. Kisha dawa ya kuvizuia, atuzaginstat, ikajaribiwa kwa wagonjwa 643. Majibu yakatoka Oktoba 2021: kwa jumla waliomeza dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, si kwa kumbukumbu wala kwa kujihudumia. Vipimo vya ini vya baadhi yao vilipanda. Waliomeza dawa huku wakiwa na bakteria kwenye mate, kumbukumbu zao zilionekana kufifia taratibu zaidi, ila hilo ni swali la kupimwa upya.

Kuna jingine, nalo ndilo ningependa ulishike. Ubongo huanza kubadilika miaka mingi kabla dalili hazijaonekana, na anayeanza kusahau husahau na mswaki pia. Ukikuta fizi mbovu na usahaulifu kwa mtu mmoja, hujui kipi kilitangulia. Hakuna anayeweza kukwambia leo kwamba mama amefika hapo kwa sababu ya fizi. Usijitwishe mzigo huo.

Mtazama Nyota:
Mimi si mtu wa tiba, nafuatilia anga. Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, kule Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba wameona alama ya mawimbi ya mvutano kutoka mwanzo kabisa wa ulimwengu. Nilikesha nikisoma. Alama ilikuwepo kweli. Mapema 2015 vipimo vyao vilipounganishwa na vya setilaiti ya Planck, ikaonekana vumbi la galaksi yetu hii lingeweza kuileta. Niliumia, lakini tangu hapo nikisikia "wamekikuta" nauliza kwanza ni nini kingine kingeacha alama ileile.

Kioo Kidogo:
Swali la damu yako halijajibiwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zikawa zimevimba. Waliporudia mswaki, zikapona. Kosa ninaloliona kila siku kazini ni mtu kuona damu na kuanza kupakwepa palepale panapovuja. Usipakwepe. Brashi laini, ukingoni mwa ufizi, na uzi katikati ya meno. Ugaga, yaani uchafu uliogandamana na kuwa mgumu kwenye meno, hautoki kwa mswaki, lazima ukwanguliwe. Daktari atapima mifuko kwa kijiti chenye alama: milimita 1 hadi 3 ni salama, 4 kwenda juu tunaanza kuhangaika, maana mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Pimeni na sukari wote wawili. Kisukari na fizi vinachocheana.

Kwa mama: simama kando yake mbele ya kioo, weka mkono wako juu ya wake ulioshika mswaki, mwanzishe. Mkono ukikumbuka, mwachie.

Kitindamimba:
Asanteni, nimesoma huku machozi yananitoka. Leo asubuhi nimemshika mkono kama ulivyoeleza. Upande wa kushoto wote amemaliza mwenyewe. Damu ilikuwepo kidogo. Tuna miadi ya meno Alhamisi, mimi na yeye.