Naomba ushauri: kutenganisha mlio wa waya wa nitinoli na kelele za klipu

Wadau, najaribu kunasa milio midogo ambayo waya wa nitinoli (aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake) hutoa ukipashwa na kupoa. Waya una unene wa milimita 0.5, urefu sentimita 15, na unarudia umbo kwenye nyuzi 70 hivi. Kinasa sauti ni kidiski cha piezo (kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) cha milimita 27 (vimejaa Luthuli Avenue), kimebanwa kwenye waya kwa grisi kidogo, kisha kikuza sauti na kadi ya sauti inayochukua sampuli kwa kHz 192.

Maji ya moto yameachwa. Hapa Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto linatosha kabisa, lakini mapovu yanapiga kelele kuliko chuma chenyewe. Sasa waya unapashwa kwa mkondo wa ampea 3 hadi 4 kutoka betri. Adapta ya stima inaleta mvumo wa Hz 50.

Kero iko kwenye kupasha. Waya ukifupika, karibu asilimia 4, unateleza ndani ya klipu za mamba na kutoa "tk!" inayofanana sana na mlipuko wa martensiti (mpangilio wa atomi wa waya ukiwa baridi) ikigeuka. Wakati wa kupoa milio inakuja kwa mafungu, na hiyo naiamini zaidi.

Je, niubane kwa skrubu za shaba, au niweke piezo mbili, moja kila ncha, nilinganishe ipi imesikia kwanza? Kadi yangu inaishia kunasa kHz 96 (nusu ya kasi ya sampuli), na najua nishati nyingi iko juu ya kHz 100. Nichuje na kuondoa sauti zilizo chini ya kHz ngapi bila kupoteza kidogo kilichobaki?