Tupeane uzoefu: kwa nini nchi nyingine zina kiribatumbo (unene uliopindukia) kingi na nyingine kidogo?

Mizani_Moja (mwanzisha uzi)
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua mada: lishe, jikoni, takwimu, biashara ya chakula. Ukichangia taja nchi, taja kitu, taja kiasi. "Wazungu wanakula hovyo" si mchango.

Nianze na kinachowachanganya wengi. BMI, kipimo cha uzito kwa urefu, ni kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mtu wa kilo 82 mwenye mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 82 gawanya kwa 2.72 ni 30.1. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Magazeti huchukua kundi la 25 la nchi moja yakalipambanisha na kundi la 30 la nchi nyingine, na hapo hoja yote imeharibika. Kwa kipimo cha 30, Marekani ilikuwa na karibu 42% ya watu wazima kati ya 2017 na 2020. Japani iko kwenye 4 au 5%. Angalia pia kama watu walipandishwa kwenye mizani au waliulizwa tu. Wakiulizwa, hujipunguzia kilo na kujiongezea sentimita.

Wali_na_Miso
Kwa Japani watu hukimbilia kusema "samaki" wakaishia hapo. Samaki wapo, lakini tazameni shule. Sheria ya chakula cha shuleni ni ya 1954, na mwaka 2005 ikaja sheria ya elimu ya chakula, wenyewe wanaiita shokuiku. Katika shule nyingi za msingi mtoto hachagui: darasa zima linakula mlo mmoja, wali au mkate, supu, mboga, samaki au nyama, na maziwa. Mlo unapangwa na mtaalamu wa lishe, watoto wanapakuliana kwa zamu. Ulimi unafundishwa mapema.

Kwa watu wazima, tangu 2008 wenye miaka 40 hadi 74 hupimwa kiuno. Kikomo ni sm 85 kwa mwanamume na sm 90 kwa mwanamke. Aliyezidi, na ana presha au sukari au mafuta ya damu yaliyopanda, hupewa ushauri. Yale ya kwamba mnene hutozwa faini ni maneno ya mitandaoni. Udhaifu wao ni chumvi: sosi ya soya, miso, mboga za kuchachusha.

Bwana_Jedwali
Kabla hajaja mtu na hoja ya damu na ukoo, someni habari za Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Wengine wako Arizona, Marekani, wengine milimani Sonora, Mexico. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta kisukari aina ya pili kwa 38% upande wa Arizona na karibu 7% upande wa Mexico, na kiribatumbo nacho kilikuwa kidogo zaidi upande wa Mexico. Ukoo ni uleule. Wa Sonora walikuwa bado wanalima kwa nguvu za mwili, wanakula maharage, mahindi na viazi. Wa Arizona, maji ya mto Gila yalichepushwa na walowezi, mashamba yakafa, ukaja mgao wa serikali wa unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Ukoo unaweza kukuambia nani atanenepa kwanza kwenye nyumba moja, si kwa nini taifa zima limenenepa ndani ya miaka arobaini.

Pasifiki nako biashara iliamua mengi. Nyama ya ubavu wa kondoo, ile yenye mafuta tele isiyotakiwa sana kwao, ilimiminwa kutoka New Zealand. Mikia ya bata mzinga kutoka Marekani. Fiji ilizuia kuuza ubavu huo mwaka 2000, Samoa ikazuia mikia 2007. Samoa ilipotaka kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, ikabidi iondoe zuio.

Kata_Mbuga
Mbona hamtaji mazoezi? Wamarekani hawatembei, kila kitu gari.

Bwana_Jedwali
Mkuu, hilo lilipimwa hapahapa Tanzania. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walinyweshwa maji maalumu yanayowezesha kupima nishati ambayo mwili umetumia, na matokeo yakatoka 2012. Wanatembea kutwa nzima, lakini ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaonekana mwili hubana matumizi kwingine. Kutembea kunasaidia moyo na sukari, hilo halina ubishi, ila pengo la nchi na nchi lielekezee zaidi mdomoni.

Ongeza jaribio la mtafiti Kevin Hall, Marekani, 2019. Watu 20 waliwekwa ndani, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vya kupikwa, kila mtu ale atakavyo. Milo ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye vya kiwandani walikula kilokalori kama 500 zaidi kwa siku na kuongezeka kilo 0.9. Pia walikula kwa kasi zaidi.

Mama_Karai
Sawa, ila kwetu mjini pakiti si mkosaji peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye BMI ya 25 na zaidi ni 42% mijini na 21% vijijini. Nchi moja, lugha moja, ugali uleule. Mimi naanza na mafuta.

Chukua chapati. Kilo moja ya unga, chapati 12, mafuta robo lita ukijumlisha ya kukandia na ya kuchomea. Robo lita ni gramu 230, kila gramu kilokalori 9, jumla zaidi ya 2,000. Ukigawa kwa 12, kila chapati imebeba kilokalori kama 170 za mafuta matupu, juu ya 300 za unga. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa chapati ni kilokalori 40 tu. Kinachofanya mtu amwage mafuta ni donge gumu: tia maji ya vuguvugu mpaka liwe laini, lifunike nusu saa, na chuma kipate moto kwanza. Chuma baridi kinaikausha chapati kabla haijaiva, na mpishi anaongeza mafuta kuiokoa.

Chipsi ni hivyohivyo. Karai likijazwa kupita kiasi moto unashuka, viazi vinakaa ndani muda mrefu, vinatoka vimelegea na vimelowa. Na mafuta mengi huingia baada ya kuipua, mvuke unapoisha ndani ya kiazi. Kung'uta palepale. Kata nene kama kidole. Nyembamba ina ngozi nyingi ya kunyonya.

Halafu mtu anateremshia soda ya nusu lita, sukari gramu 53. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50 kwa siku nzima.

Forodhani
Kwenye soda serikali zimejaribu kodi, na muundo wake ndio wenye kazi. Mexico, Januari 2014: peso 1 kwa lita. Ununuzi ulishuka, lakini kiwanda hakikuwa na sababu ya kupunguza sukari, kwa kuwa lita ni lita. Uingereza, Aprili 2018: sukari gramu 5 hadi chini ya 8 kwa mililita 100 ilikuwa peni 18 kwa lita, 8 na zaidi peni 24, chini ya 5 hakuna. Viwanda vingi vilipunguza sukari kabla tarehe haijafika. Afrika Kusini wanatoza kila gramu inayozidi 4 kwa mililita 100. Oman, Juni 2019, waliweka 50% kwenye soda na 100% kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu. Chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, unayojitilia sukari nyumbani, hiyo haina mtoza kodi.

Binti_Nyamagana
Naomba kuuliza, kiuno kinapimwa wapi hasa? Kwenye kitovu?

Mizani_Moja
Hapana dada, kitovu cha mwenye kitambi hushuka. Tafuta mfupa wa mwisho wa ubavu na ncha ya juu ya nyonga, pima katikati yake, utepe wa fundi cherehani ukiwa sawa pande zote. Pumua nje kawaida, usivute tumbo. Fundo la khanga na shanga viondoke kwanza. Lenga kiuno kisizidi nusu ya urefu: mita 1.65, basi sm 82. Pima mara mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudia.