MJADALA: Milango ya kale ya Mikindani ibaki kwenye nyumba, ipelekwe makumbusho, au mwenye nayo auze?

Wakuu, salaam. Nyumba za mawe ya matumbawe pale Mikindani, mji wa kale wa pwani ya Mtwara, zinaporomoka moja moja, na milango ya kuchonga inang'olewa. Msimamo wangu: mlango ubaki kwenye fremu yake, na nyumba ikifa, uhamie makumbusho ya hapahapa, si Dar. Boma la Mjerumani la 1895 limekarabatiwa likawa hoteli. Livingstone aliyeshukia Mikindani mwaka 1866 ana kibao chake. Waliovua, waliounda majahazi na kuchonga hiyo milango, tutawasoma wapi kama si kwenye mlango, dau na dema la kutegea samaki? Karibuni.

MkaaPwani: Umesema vizuri, mkuu, ila umemruka mwenye nyumba. Masika paa linavuja, tajiri amesimama barazani na fedha taslimu. Utamwambia bibi asubiri makumbusho?

Mtoa mada: Huyo tajiri naye ana mipaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Lakini kwa bibi umenibana. Anayetaka mlango ubaki achangie bati na chokaa, hata kama ni halmashauri.

Fundi wa Naliendele: Halmashauri inunue chokaa? Haya, tungoje. Na hayo makumbusho msiyaamini sana. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar. Kikaja kuonekana Geneva, kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, na kurudi nyumbani kikarudi 2010. Miaka 26! Taifa lenye walinzi liliibiwa, sembuse kachumba ketu chenye kufuli moja.

Mtoa mada: Mbona hoja yako inanisaidia? Kitu kikikaa mtaani kila mtu anakijua ni cha nani. Kikipotea asubuhi, mchana mji mzima unauliza.

Binti Shangani: Mimi nina tatizo na vinyago. Lipiko, kile kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kwenye ngoma, linachezwa, halitundikwi. Jadi inataka sisi wanawake tusijue nani yumo ndani, leo mnataka likae kwenye kabati la kioo na tiketi mlangoni? Kwanza hiyo ni jadi ya Wamakonde wa uwanda wa juu, pwani inaingiaje?

Fundi wa Naliendele: Inaingia, dada. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge huku, wakaja na patasi zao. Huwezi kuandika historia ya pwani hii ukawaacha. Ila kwenye kabati la kioo nakuunga mkono: viwekwe vile vilivyochongwa kwa kuuzwa, lipiko la jando liacheni kwa wenyewe.

MkaaPwani: Sawa, tuseme nyumba ya makumbusho imepatikana. Funguo anashika nani? Maana ikiwa ni kamati ya watu walewale wa kila siku, mlango wa kwetu hautoki.